Nyota Tano kwa Pango la Malkia

Mchezo huo nimeucheza kwa vidole vyangu hivi, kwa hiyo mtu asije akaniambia kwamba nasema ya kusikia. Unaitwa Pango la Malkia, unachezwa kwenye simu, na lazima uwe na bando. Unaingia pangoni. Unakutana na zimwi lenye jicho moja. Unalipiga rungu mara tatu, linaanguka, linaacha jiwe. Unaliokota, unalitia kapuni, unatoka nje. Mlangoni amekaa kibeti mwenye ndevu za kijani. Unampa jiwe lako, naye anasema, "Ahsante, shujaa. Malkia anakungoja. Rudi pangoni." Basi unarudi. Zimwi ni lilelile, jicho lilelile, rungu mara tatu. Siku ya kwanza nililiua mara sitini na mbili, halafu nikatoka nje nikanawa mikono kwa sabuni, maana nilijiona nimechafuka.

Naitwa Vumilia. Tunaishi nje kidogo ya Ushirombo, mimi na mume wangu Masalu; binti yetu Noela yuko shule ya bweni. Kigangoni mimi ni katibu wa kwaya, ndiyo maana nina simu ya tachi, kwa sababu ratiba zote za mazoezi zinapita kwangu. Masalu alikuwa mchimbaji. Miaka kumi na minne alizunguka machimbo ya Katoro na ng'ambo yake, akishuka kwenye maduara, yale mashimo marefu ya dhahabu, hadi kifua kikamgomea. Machimbo yalituachia kikohozi na maksai wawili, Hakimu na Askari. Kikohozi ni chake peke yake. Maksai ni wa nyumba nzima, kwa sababu ndio wanaotulimia mpunga na mahindi, na bila wao mimi na mtu mwenye kifua kile tusingemaliza hata nusu ekari kwa jembe la mkono.

Mchezo aliwekewa na dereva bodaboda mmoja pale Katoro, mwezi wa saba, tukiwa tumeshavuna. Nilidhani utapita kama mafua. Ukafika mwezi wa nane, ukafika wa tisa. Mwezi wa kumi mawingu yakaanza kujikusanya, majirani wakaanza kukaza bolti za plau zao, na mume wangu bado anaua zimwi. Alikuwa anakula kwa mkono wa kulia huku dole gumba la kushoto likigonga kioo, tuk tuk tuk, na kioo chenyewe kimejaa mafuta ya dagaa. Tukisali kabla ya chakula nasikia tuk tuk tuk. Mgeni akija kusalimia, tuk tuk tuk.

Kilichomkamata ni maandishi yanayotokea ukiufungua mchezo: "Ndani kabisa ya pango, nyuma ya ukuta, imo Hazina ya Malkia. Shujaa wa kwanza kuifikia atapewa zawadi kubwa." Zawadi gani, hawasemi. Kila jiwe unalompa kibeti linapunguza ule ukuta kidogo sana, kiasi cha unywele. Mwaka mzima wa kugonga usingetosha kwa mtu mmoja. Hayo yote nilimweleza, naye akanijibu kwamba hata duara la kweli halitobolewi kwa siku moja.

Sasa pale mlangoni, pembeni ya kibeti, kuna Ubao wa Maoni. Mchezaji yeyote anaandika anachofikiri na kutoa nyota, moja hadi tano. Ukishaandika hufuti, maneno yanabaki pale na kila mtu anayasoma. Nilipousoma ubao ule kwa mara ya kwanza nilicheka peke yangu jikoni kwa furaha, maana niliona nimepata mashahidi.

"Mchezo wa kijinga. Zimwi moja tu dunia nzima? Nyota moja."

"Nimecheza wiki tatu sijaona hata sufuria ya huyo Malkia. Msijisumbue."

"Kibeti anarudia maneno mpaka nimemsikia kwenye ndoto. Nimefuta. Bando langu nalidai mbinguni."

"Aliyetengeneza hiki kitu arudishe vyeti shuleni."

Na mwingine, Ngusa wa Mbogwe: "Takataka. Sirudi tena. Nyota moja ni kwa sababu hakuna sifuri."

Nilimpelekea Masalu simu pale uani alipokuwa amekaa. "Baba Noela, hebu soma. Watu thelathini na saba, wote nyota moja. Hakuna hata mmoja aliyesema afadhali."

"Nilishasoma," akasema. "Nasoma kila asubuhi kabla sijaingia."

"Sasa?"

Akaangalia kushoto na kulia kana kwamba kuku wangemsikia. "Wamepata hao."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania.

"Mama Noela, wewe hujakaa machimboni. Duara likitema dhahabu, ukapanda juu ukakuta watu wanakuuliza vipi huko, unawajibuje? Unawaambia hakuna kitu. Unawaambia ni maji tu, ni mawe tu, tunataka kufunga. Unalitukana lile duara kweli kweli, na mate unatema. Kwa sababu ukisema kipo, kesho asubuhi ni rashi, watu elfu mbili na sururu zao, na wewe mwenyewe huna pa kukanyaga. Watu thelathini na saba wanatukana shimo moja, halafu wewe unaamini ni tupu?"

"Baba Noela, huu ni mchezo."

"Na huyu Ngusa? Jumatatu kaandika takataka, sirudi. Alhamisi nimelikuta jina lake pangoni. Jumapili nimemkuta tena, anagonga. Aliyekuta mawe matupu anarudi kufanya nini?"

Ilikuwa kweli, walikuwa wanarudi. Mimi mwenyewe siku ya pili niliingia tena, nikaliua lile zimwi mara arobaini, nikatoka nimekasirika kuliko jana yake. Hadi leo sijui kwa nini mtu anarudi kila siku mahali panapomtia kichefuchefu, lakini kueleza jambo nisilolijua mbele ya Masalu ilikuwa sawa na kumsaidia kuchimba duara lake.

Na hiyo habari ya kuficha naijua kuliko anavyodhani. Mwaka aliozaliwa Noela, duara lao lilitema kweli. Siku kumi na moja mfululizo mume wangu alinipigia simu akiniambia ni maji matupu, watu wanakata tamaa, nivumilie. Nikavumilia, tumbo la miezi minane, nakula mlenda na kulia. Siku ya kumi na mbili akatokea na Hakimu na Askari, wakiwa bado ndama, anacheka. Alinificha hata mimi. Na alijisifu kwa hilo, kwamba siri haikuvuja hata kwa mkewe.

Basi akaja na mpango. Mtu mmoja atachukua mwaka, lakini watu wanane kwa zamu watautoboa ukuta kwa mwezi na kitu. Kwa hiyo tunahitaji simu nane. Yeye atakuwa mwenye duara, atawaweka vijana wanane kwenye kibanda chetu cha nyuma, mimi nitapika, na mwisho wa kazi kila mtu atapata fungu lake kama wanavyogawana viroba vya mawe machimboni. Alishazungumza na Magesa wa Katoro, mtu mwenye duka la simu upande mmoja na bucha upande wa pili. Magesa ana simu nane zilizotumika. Atazitoa zote kwa maksai wawili.

"Maksai wapi?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Jumamosi anakuja na gari."

Nilipiga kelele, naomba niseme ukweli. Nilimwambia atalima na nini, na simu? Atamfunga kibeti nira? Nilimwambia nitakwenda kwa katekista, nitakwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, nitakwenda kwa kaka zake. Alinisikiliza vizuri kabisa. Kisha akasema kwamba hata ule mwaka wa duara nililia hivyohivyo, na baadaye nikashangilia. Na dole gumba likaendelea, tuk tuk tuk.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Mchana huohuo nikaketi na simu yangu nikajiandikisha pangoni kwa jina la Mama wa Bukombe, nikautukana ule mchezo jinsi ambavyo sijawahi kumtukana binadamu. Niliandika: "Huu ni uchafu. Ni uchafu uliopakwa rangi. Zimwi halina akili, kibeti hana akili, na aliyekaa akawachora wote wawili ana akili ya kuibia watu maisha yao. Nimeona mtu mzima, baba wa familia, anagonga kioo kama kuku anayedonoa sakafu ya saruji. Hakuna hazina. Hakuna Malkia. Hakuna kitu, hakuna kitu, hakuna kitu. Ningekuwa na uwezo ningewapa nyota ya chini ya ardhi." Nikabonyeza nyota moja, nikajisikia vizuri, nikaenda mazoezi ya kwaya nikaimba kwa sauti ya juu kuliko kawaida.

Asubuhi ya Jumatano Masalu aliingia jikoni mbio, na yeye siku hizi hakimbii, kifua hakimruhusu.

"Mama Noela, mwanawane, njoo usikie!" Akanisomea maneno yangu yote, neno kwa neno, mpaka nyota ya chini ya ardhi. Macho yalikuwa yanamwaka. "Huyu mama amepata pakubwa. Mtu hatukani kiasi hiki bure. Hakuna kitu mara tatu! Mimi hata siku ile tumetema, nilisema mara moja tu."

Nilisimama na mwiko mkononi. Nilitamani kumwambia kwamba ni mimi, lakini nilijua atakachojibu. Angesema: kumbe umepata, na unanificha, kama nilivyokuficha.

Nilijichukia siku nzima. Nilikuwa nimewatoa maksai wangu zizini kwa mdomo wangu mwenyewe.

Alhamisi ni siku ya gulio. Tulikwenda pamoja, mimi kuuza nyanya, yeye kutafuta mahali pa kuchajia simu. Katikati ya gulio kulikuwa na gari lenye spika juu, mtu anatangaza dawa ya mgongo, ya tumbo, ya macho na ya kurudisha nguvu, chupa moja kwa yote, waliotumia wamepona, njooni wote, zimebaki chache. Watu wamejaa. Masalu alisimama kidogo akasikiliza, kisha akatema mate pembeni.

"Ingekuwa inaponya asingepiga kelele," akasema, akaendelea na safari yake.

Mimi nilibaki palepale na kapu langu kichwani, watu wananipiga vikumbo. Nilikumbuka jambo ambalo yeye halipendi kulizungumza. Mwaka mmoja kabla ya kuacha machimbo, alikuja mtu mwenye miwani myeusi akawanunulia wachimbaji soda, akawasifia duara lake, kwamba mwamba unaonekana kwa macho, kwamba nafasi bado zipo. Masalu na wenzake walishuka mle miezi minne. Lilikuwa limekufa zamani, wenyewe wa kwanza walishalikomba. Kifua chake kiliharibikia mle. Tangu hapo, mtu akisifia shimo mbele yake, yeye anachukua kofia yake na kuondoka.

Nilikaa nyuma ya mafungu yangu ya nyanya nikajiandikisha upya. Safari hii nilijiita Benjamini, mfanyabiashara, Katoro.

Nimeandika barua nyingi za kwaya, za kuomba michango, za kushukuru wageni rasmi, na sijawahi kuandika kitu kilichonitia kinyaa kama kile. "Ndugu zangu, huu mchezo ni mzuri mno! Mzuri kupita maelezo! Mimi Benjamini nimeiona Hazina ya Malkia kwa macho yangu mwenyewe. Ipo, tena ni kubwa. Msisikilize wanaotukana. Njooni wote, leteni ndugu, jamaa na marafiki, nafasi bado zipo." Nyota tano. Mteja aliniuliza bei ya fungu, nikamwonyesha kwa vidole, mdomo ulikuwa mchungu kana kwamba nimetafuna mwarobaini. Saa moja baadaye nikaandika tena: "Benjamini nipo tena! Ndugu, mnangoja nini?" Jioni, tukiwa tumerudi, nikaandika mara ya tatu.

Ijumaa asubuhi Masalu alikunywa chai bila kugonga kitu. Simu ilikuwa juu ya meza, imelala kifudifudi.

"Limekufa," akasema.

"Nini kimekufa?"

"Pango. Wameshalikomba, sasa wanauza." Akaigeuza simu, akanionyesha. "Kuna jambazi mmoja hapa anaitwa Benjamini. Nafasi bado zipo, anasema. Hivihivi, maneno yaleyale ya yule mwenye miwani. Mimi siingii tena mle hata kwa mtutu."

Nilinyanyuka nikaenda kumwaga makombo, ili asiuone uso wangu.

Jumamosi saa nne Magesa alikuja na Fuso, na boksi la simu amelipakata mapajani. Masalu alimlaki vizuri, akamkaribisha kiti, akamwambia ng'ombe hawaondoki. Magesa alilalamika sana, kwamba amechoma mafuta kutoka Katoro, kwamba mwanaume hageuki hivi. Masalu akamwambia, "Kaka, ungenijia Jumatano ungewachukua." Nilimpikia Magesa kuku. Alikula kwa hasira, akaondoka na boksi lake. Mimi nikaenda zizini nikasimama katikati ya Hakimu na Askari, nikawashika mapembe, nikalia kama mtoto.

Mvua ilinyesha Jumanne. Tukalima. Sitaki kusema mengi kuhusu furaha ile. Masalu anakohoa nyuma ya plau, mimi naongoza mbele, udongo unapinduka mweusi, na hakuna tuk tuk tuk popote. Kilichobaki ni tabia moja tu: kila asubuhi anaufungua ubao kuusoma. Haingii pangoni, anasoma tu, kama mchimbaji anavyopita kando ya duara aliloliacha kuangalia pikipiki za nani zimeegeshwa. Na kwa kuwa anasoma, ilinibidi Benjamini awe anaandika. Kila wiki mara mbili, sifa mpya. Wiki ambayo Benjamini alikaa kimya, kwa sababu nilikuwa na msiba wa shangazi, Masalu alianza kuuliza, "Huyu jambazi amenyamaza. Asije akawa ameona kitu." Nikaandika nikiwa matangani.

Ndipo akatokea mwenye mchezo. Aliandika ubaoni kwa herufi nyekundu: "Kaka Benjamini, mimi ni Eliya, ndiye niliyeutengeneza mchezo huu, peke yangu, chumbani kwangu hapa Kahama. Miezi mitano nimesoma matusi tu. Kuna mama mmoja wa Bukombe, maneno yake yalinilaza kitandani siku mbili. Nilishaamua kuufunga tarehe thelathini. Nimesoma maneno yako, nimelia. Siufungi tena. Wabeja, asante sana, kaka yangu, Mungu akubariki."

Nilisoma mara mbili. Mchezo ule ulikuwa unakufa wenyewe. Ulikuwa umebakiza siku chache, unakata roho taratibu kwa matusi ya watu, nami nikaenda nikauinua nikaupa uji. Najua, tarehe thelathini maksai wangekuwa wameshaning'inia buchani kwa Magesa. Hilo nilijiambia, nikajiambia tena.

Na watu wakaja. Zamani mlango wa pango ulionyesha wachezaji thelathini, arobaini. Sasa ulionyesha mia tatu, mia tano. Hawa hawakuwa watu wa maduara. Walikuwa watu wa kawaida, wauza mpunga wa Kahama, mafundi baiskeli, wapakia mizigo, watu ambao mtu akiwaambia kitu ni kizuri wanaamini kwamba ni kizuri. Waliandika, "Asante Benjamini kwa kutujulisha." Kila asante ilinipiga kama kofi. Wakigonga wiki mbili wanachoka, lakini hawasemi takataka. Wanaona aibu, kwa sababu Benjamini amepata na wao hawajapata. Wanaandika, "Naendelea kupambana." Nyota nne.

Wiki iliyopita, asubuhi, Masalu alikuwa anafunga nira, mimi natafuta kamba. Akaniambia bila kugeuka:

"Leo kuna mwanamke ameuliza swali zuri kule ubaoni. Wa Isaka. Amemuuliza yule jambazi."

Nikaingia ndani, nikafungua simu yangu.

"Kaka Benjamini, shikamoo. Naitwa Scolastika, niko Isaka. Mume wangu anapakia mizigo hapa kwenye bandari kavu. Tangu asome maneno yako ameacha kwenda kazini, anacheza tu, na sasa anataka kuitoa cherehani yangu apewe simu yenye nguvu. Hiyo cherehani ndiyo inayotulisha, mimi na watoto watatu. Simlaumu, wewe ni mtu mzima na umesema umeona. Nakuomba kama dada yako. Niambie ukweli. Ipo kweli? Ukisema haipo nitamwonyesha jibu lako, maana hamsikii mtu mwingine yeyote isipokuwa wewe."

Neno moja tu. Hapana, haipo. Ningeliandika kwa muda wa kupangusa jasho, na cherehani ya yule mwanamke ingebaki mezani kwake.

Masalu alikuja akasimama mlangoni, mjeledi begani. "Umeona? Mimi nangoja huyo Benjamini atajibu nini. Kwa sababu mtu aliyepiga kelele hivyo, halafu ghafla aseme hakuna kitu," akapiga fremu ya mlango kwa kidole, "ujue ndiyo leo ameutoboa ukuta. Nitampigia Magesa mchana huohuo."

"Na akisema ipo?"

"Basi ni mwongo yuleyule wa siku zote. Twende tukalime."

Nilifikiri njia zote. Kumwambia Masalu kwamba Benjamini ni mimi? Basi sifa zote zingekuwa hila ya mkewe, na matusi ya wale thelathini na saba yangebaki yamesimama, na machoni pake pango lingekuwa limejaa hazina tena. Kumtafuta yule mwanamke? Isaka ina akina Scolastika wangapi, na pale ubaoni hakuna pa kunong'ona. Kila neno linasomwa na watu wote. Kuandika kwa jina jingine? Amesema mwenyewe kwamba mumewe anamsikia Benjamini tu. Nje Hakimu alikuwa anakwangua udongo kwa ukwato, amechoka kungoja. Tulikuwa tumebakiza ekari mbili.

Niliandika haraka, ili nisijione nikiandika. "Marahaba, dada Scolastika. Ipo. Nimeiona kwa macho yangu. Mwache mumeo apambane, usimvunje moyo." Nikabonyeza nyota tano.

Simu ya Masalu ililia kule nje. Nilimsikia akisoma kwa sauti, taratibu, neno moja moja. Kisha akatema mate.

"Mshenzi kweli huyu mtu," akasema. "Mwanamke anamlilia na watoto watatu, na bado anamdanganya. Sijui ana mke wa namna gani nyumbani kwake."

Nilitoka na kamba, nikawashika maksai mbele, tukaenda shamba.